Walimpiga Juu ya Fimbo

Jirani yangu anatengeneza viti vya mianzi, na juzi asubuhi alikuwa anapitisha mwanzi kwenye moto huku akiupaka mawese. Harufu ile iliruka ukuta ikanikuta barazani nachagua maharagwe. Sikulia. Watu wakisikia bibi mzee kama mimi anasema habari za baba yake wanasubiri machozi, lakini mimi nilipandwa na hasira, nikaumwaga ungo mzima chini, kuku wakafurahi. Mjukuu wangu akatoka ndani mbio.

"Nkambo, nani alikukosea?"

Nikamwambia: muzungu mmoja, na mama yangu, na baba yangu, na miye mwenyewe. Aliniangalia kidogo, akaona afadhali aokote maharagwe.

Nyinyi wa umri wangu mtakaosoma haya, najua mtakachosema. Nawasikia kila Jumapili baada ya misa, mmekaa kwenye kivuli cha parokia mkisifu zamani. Treni ilifika kwa saa yake. Mkate ulikuwa mkate. Muzungu akisema neno ni neno. Haya, sawa. Treni ilifika kwa saa yake. Na baba yangu naye alifika kwa saa yake, Jumatatu, mbele ya ofisi, mbele ya wenzake wote, akaambiwa alale chini. Mkiendelea kusifu, na hilo mlitie ndani ya sifa zenu.

Tulikaa kambi ya reli ya Kamina, nyumba za matofali zilizopangwa safu kwa safu, mlango mmoja, dirisha moja, na nyuma jiko la bati. Baba alikuwa mtu wa kugeuza njia za treni pale stesheni. Treni ya Luena inakuja, anavuta mkono wa chuma, inashika njia yake. Treni ya Kasai inakuja, anavuta mwingine. Lakini kwao haikuwa reli. Kwao ilikuwa Kinkondja, kwenye ziwa Kisale, ambako watu wengine wanajenga vibanda juu ya mafunjo yanayoelea, na mtoto anajua kuloba kabla hajajua kufunga kamba za suruali. Kuloba, kwetu, ni kuvua samaki kwa ndoano, na kumtosha samaki ni kumtoa majini. Baba alikuwa mfupi, mnene wa mabega, si mtu wa maneno. Mama alitoka Kabongo, kwa watu wa mashamba, na maneno ya nyumba nzima alikuwa nayo yeye. Mimi nilichukua kinywa cha mama. Baba aliniita "mama" kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na aliliita kwa heshima, hata pale nilipokuwa nimevunja kitu.

Mkubwa wa pale stesheni alikuwa muzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kitambala. Alikuwa na kitambaa cheupe cha kufuta shingo, anafuta, anafuta, hata kwenye baridi ya mwezi wa sita. Mkiona kitambaa kinatoka haraka haraka mfukoni, mjue kuna mtu atalia siku ile.

Sasa, nyuma ya mtaa wa Wazungu walikuwa wameziba kijito wakapata bwawa, wakatia ndani samaki wa mbali waliomwita blakibasi. Samaki mwenye mdomo mpana, mgongo wa kijani, mlafi kupita kiasi. Lile bwawa walilizibia juu ya miti na vichaka bila kung'oa kitu, kwa hiyo chini kulijaa magogo, na juu mayungiyungi na matete yakafunga maji yote, ukabaki uwazi hapa na pale wa upana wa sahani. Blakibasi alipenda humo humo, kwenye uchafu. Na Wazungu walikuja na fimbo zao za Ulaya, nyembamba, zinang'aa, zina pete za chuma, zinapindika mpaka unaona huruma. Samaki anameza ndoano, fimbo inapinda, muzungu anapiga kelele za furaha, samaki anaingia chini ya gogo, anazungusha uzi, ta! Umekatika. Kila Jumapili ilikuwa hivyo. Wafanyakazi waliobeba masanduku yao walikuwa wanageuka kuangalia pembeni ili wasionekane wanacheka. Sisi tulikatazwa kulikaribia bwawa lile. Kulikuwa na ubao, na wasiojua kusoma walisomewa kwa mdomo.

Siku moja Bwana Kitambala akamwita baba. Baba aliporudi alimweleza mama, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mahali pangu pa kawaida.

"Anasema weye muntu ya Kisale, nitafutie fimbo ya kutosha blakibasi mu majani. Kuko mashindano ya Bazungu, siku ya mungu, nyuma ya mwezi moja."

"Na weye utapata nini?" mama akauliza.

"Jina yangu itatoka ku liste. Tutabakia Kamina."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku zile nyumba yetu ilikuwa na ukimya. Kulikuwa na orodha ya watu watakaopelekwa kwenye kituo kidogo porini, upande wa Luena, nyumba tatu na tanki la maji, hakuna duka, hakuna kanisa, hakuna shule. Jina la baba lilikuwemo. Na mimi nilikuwa mwaka wa pili kwa masista. Nilikuwa nimeshaandika jina la baba kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, herufi moja imegeukia nyuma, na baba alilipitishia kidole, halafu akakataza mtu yeyote asiufute ukuta ule. Kwa hiyo nilijua hesabu yake. Fimbo ikiwa nzuri, nasoma. Fimbo ikiwa mbaya, naenda kuchota maji kwenye tanki.

Lazima niseme kitu juu ya neno hili, fimbo. Kwetu fimbo ni nyingi. Ya mzee kutembelea ni fimbo. Ya kuloba ni fimbo. Na ile ya ngozi ya kiboko, iliyotundikwa kwenye msumari kwenye chumba cha polisi wa kambi, ile nayo ni fimbo, tena ile ndiyo fimbo bila kuongeza neno. Mtu akisema amekula fimbo, hakuna anayeuliza ya samaki au ya nini. Sisi watoto tulitambua kwa sauti ya anayesema. Mara nyingi tulitambua.

Jumapili iliyofuata baba alinichukua tukaenda nyuma ya misioni, ambako mapadri walipanda mianzi. Katekista alituruhusu. Baba alilizunguka lile shina la mianzi mara mbili, mikono nyuma, bila kugusa. Mimi nilikuwa nimeshachagua. Nilichagua mrefu, wa njano, umenyooka, unapendeza kabisa.

"Hii, baba."

"Iko muzuri kwa macho," akasema. "Muntu anaweza kuanika nguo."

Nilinuna. Ndipo akaanza kuongea, na sijawahi kumsikia baba akiongea maneno mengi vile, si kabla, si baada.

"Sikia, mama. Fimbo murefu njo ya mayi wazi. Mu majani, fimbo murefu inafunga weye mwenyewe. Unainua, inashika mu tawi, samaki iko nacheka. Tena, fimbo ya kupinda njo ya samaki ya kucheza naye. Samaki ya mu majani hapana kucheza. Ukimupa nafasi sawa mukono, ameshaingia chini ya muti, kwisha. Siku anashika, unamutosha juu palepale. Saa ileile. Kabla hajayua kama ameshikwa."

Akanionyesha. Mwanzi mchanga una unga mweupe, sauti yake ni ndefu, na ni mzuri kushika, lakini ukikauka unasinyaa. Mwanzi mzee sana unalia kama chungu chenye ufa. Uliofaa ulikuwa na madoa ya kijivu, vifundo vimekaribiana, na ukiupiga ukucha unajibu kwa sauti fupi, haivutiki. Tundu la ndani liwe dogo, nyama iwe nene. Mgongo mgumu, ila ncha iwe na upole kidogo, kidogo tu, maana ncha ikiwa ngumu kama mgongo itampasua samaki mdomo. Akanifanya nipige ukucha mianzi mingi mpaka kidole kikauma. Alikata mitatu.

Nyumbani alipitisha ile mianzi kwenye moto, akapaka mawese, akaipinda kwa goti pale ilipokuwa na kiburi, akaitundika darini na mawe ya reli yamefungwa chini ili inyooke. Tulilala chini ya ile mianzi na mawe yake siku nyingi, na mama analalamika kwamba atakufa kwa jiwe la Wazungu na kwenye kaburi hawatajua waandike nini. Nyumba nzima ilinuka mwanzi na mawese. Ni harufu ileile iliyoruka ukuta juzi.

Baadaye akaijaribu kwa ndoo yenye mawe. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulipinda vizuri, mama akaupenda, baba akautupa kwenye kuni. Wa tatu uliinua ndoo bila kusema kitu. Ulikuwa mfupi, mnene, una kifundo kimoja kimevimba, mbaya wa sura. Mama akasema umefanana na mwenyewe, wakacheka wote wawili, na baba akakipapasa kile kifundo kama mtu anayempapasa mbuzi wake.

Lakini hakuridhika. "Ndoo haina akili," alisema. "Fimbo lazima ikutane na samaki yake." Kwao Kisale humpi mtu fimbo ambayo haijatoa samaki. Ni aibu, ni sawa na kumpa mtu chakula ambacho hukuonja. Basi asubuhi moja, kabla ya zamu yake, umande bado umejaa kwenye majani, tulikwenda bwawani, yeye na mimi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia njia. Sikuangalia njia hata kidogo, nilimwangalia yeye. Alitia chura mdogo kwenye ndoano, akamshusha polepole kwenye uwazi mmoja katikati ya mayungiyungi, si mbele, si nyuma, katikati kabisa. Chura akagusa maji. Maji yakapasuka. Na baba hakupiga kelele, hakuvuta, hakucheza. Aliinua mara moja, mabega na kiuno pamoja, na samaki akatoka na jani la yungiyungi kichwani, akapita hewani, akaanguka nyuma yetu kwenye majani makavu. Alikuwa hajajua kama ameshikwa. Baba akageuka akaniangalia, na uso wake ulikuwa wa mtoto mwenzangu.

Tulimla mlango umefungwa. Mama alimpika na nyanya na mawese, akanikazia macho. "Sikia, weye kinywa. Hapana kusema kwa batoto ba kambi. Unasikia? Kwa batoto ba kambi, hata moja."

Nikaapa. Na ninawaambia mbele ya Mungu, nilitimiza. Watoto wa kambi sikuwaambia neno.

Jumamosi ya kuamkia mashindano baba alivaa shati lake la misa, akanichukua, tukapeleka fimbo. Bwana Kitambala alikuwa barazani kwake na Wazungu wenzake wawili, glasi mezani. Akaishika fimbo kwa vidole viwili. Akawaonyesha wenzake. Wakacheka. Si kicheko kidogo, walicheka mpaka mmoja akakohoa.

"Hii fimbo ya nini?" Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru tu. "Ya kupika ng'ombe?"

Alitaka kusema kupiga. Baba alisimama, kofia mkononi, anaangalia miguu yake. "Iko muzuri, Bwana," akasema polepole.

"Muzuri! Nani najua iko muzuri?"

Baba aligeuza kofia yake. Na mimi nilimwangalia baba yangu hajibu, baba aliyezunguka mianzi mara mbili, baba aliyelala chini ya mawe. Nilikuwa na hasira. Tangu zamani nina hasira, msidhani nimeipata uzeeni. Nikasema kwa sauti kubwa, vile masista walivyotufundisha kujibu:

"Iko muzuri, Bwana! Minyi niliona! Samaki tulikula ilikuwa mukubwa sawa muguu yangu!"

Mkono wa baba ulikuwa begani kwangu. Nilisikia vidole vinakaza, halafu vinalegea. Bwana Kitambala hakukasirika. Kitambaa hakikutoka mfukoni. Aliinama akaniangalia vizuri, akatabasamu, akachukua kipande cha sukari nyeupe kutoka kwenye bakuli akanipa. Halafu akaisimamisha fimbo ukutani, karibu na mlango, mahali pa heshima. Nilirudi nyumbani nanyonya ile sukari polepole ili isiishe. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimewafunga mdomo Wazungu watatu. Baba alitembea mbele yangu, na njia nzima hakugeuka.

Jumapili ikapita. Tulisikia kelele za furaha kutoka upande wa bwawa, lakini Wazungu walikuwa wanapiga kelele kila Jumapili. Baba alikaa mlangoni siku nzima. Mama alimwekea chakula, akakiondoa.

Jumatatu hakurudi saa sita kula. Alirudi jioni ameshikwa mkono na Papa Ngoy, rafiki yake wa kazini, anatembea kama mtu anayebeba maji kichwani na hataki yamwagike. Alilala kwa tumbo. Mama alifunga mlango, akachemsha maji na chumvi. Nje watoto wa kambi walikuwa wameshajua yote. "Baba yako alikula fimbo! Baba yako alikula fimbo!" Nikaenda kwa mama jikoni.

"Mama, walimupiga juu ya nini?"

Hakugeuka. "Juu ya fimbo," akasema. "Toka hapa."

Mnajua kwetu "juu ya" ni "kwa sababu ya". Alipigwa kwa sababu ya fimbo. Basi. Nilisimama pale na kila kitu kikakaa mahali pake. Muzungu alichukua fimbo Jumamosi kwa tabasamu. Jumapili alikwenda kuloba. Jumatatu alimpiga baba. Fimbo ilikuwa mbaya. Ilipasuka kama ile ya kwanza, au ilimkosesha samaki mbele ya wenzake. Na nani aliyechagua? Mimi nilichagua ule mrefu wa njano, mzuri, umenyooka, na baba akasema ni wa kuanika nguo.

Ijumaa ya wiki ile walitupakia kwenye behewa na mbuzi wetu na sufuria zetu, tukashushwa pale kwenye nyumba tatu na tanki. Ukuta wangu wenye jina la baba ukabaki Kamina. Daftari la masista niliendelea kulibeba mpaka panya wakalimaliza.

Nilimchukia baba yangu. Naliandika hivyo hivyo, bila kulilainisha. Treni ilikuwa inasimama pale kwetu kuchukua maji, na humo ndani unaona wasichana wenye magauni meupe wanakwenda shuleni, wananikodolea macho mimi na ndoo yangu. Treni ikiondoka, nilikwenda kumtafuta baba popote alipo, nikamwambia.

"Kama ungechagua ile ya njano, tungekuwa Kamina."

"Eh, mama," alijibu. "Minyi njo nilikosa."

"Ulisema iko ya kuanika nguo!"

"Minyi njo nilikosa."

Ni mimi niliyekosa: kila mara neno lilelile, sauti ileile, wala hakukasirika. Na kule hakuloba tena. Kulikuwa na mto karibu, umejaa matete, samaki wanaruka unawaona, na yeye anaupita kama hana macho. Ndugu zake walikuja siku moja kutoka Kinkondja na samaki wakavu, wakamwomba awachagulie mianzi, kwa sababu huko bado walimtaja kwa kazi ile. Mimi nilikuwa pale, mikono kiunoni, nikacheka kwa pua. Baba aliniangalia, akawaambia, "Siyui tena. Muulize bengine." Ndugu zake walishangaa sana.

Nilipokua hasira iligeuka mzaha, na mzaha ulikuwa mbaya kuliko hasira. Nilijifunza kusoma nikiwa na watoto wawili, jioni, parokiani, kwenye benchi moja na wake za watu, na kila herufi iliyonishinda nilimlaumu baba. Nikamsimulia mume wangu, nikawasimulia wanangu, mezani, mbele yake: babu yenu alipewa kazi moja tu na Wazungu, kuchagua fimbo, hata hiyo ikamshinda! Watoto wanacheka. Na baba anacheka nao, anatikisa kichwa, anasema eh, ni kweli. Alikuwa na meno machache wakati ule. Ninayaona mpaka leo.

Tulimzika Kamina, maana uzeeni alirudi kukaa kwangu. Kwenye kilio, baada ya kutoka makaburini, watu walianza kusimulia habari za marehemu, moja ya kulia, moja ya kucheka, vile tunavyofanya. Wakasema nami niseme. Nikasimama nikawapa ile ya fimbo. Niliisimulia vizuri, nilikuwa na mazoezi. Watu walishika mbavu.

"Nyamaza!"

Mama yangu, amekaa kwenye mkeka, uzee umemkunja, na hakuna aliyejua kwamba sauti ile bado anayo. Akaomba mkono, nikamwinua, akaniongoza mpaka nyuma ya jiko.

"Ile fimbo haikupasuka," akasema. "Papa Ngoy alikuwa kule, alibeba sanduku yabo. Ile muzungu alitosha samaki mukubwa kupita bote. Mu majani kabisa, palepale, sawa baba yako. Bazungu bakamupigia mikono. Bakamupa kikombe."

"Sasa walimupiga juu ya nini?"

"Juu ya samaki ya bwawa. Ile tulikula." Akaniangalia. "Nani alimuambia?"

Nilisikia ladha ya sukari kinywani, naapa, ladha yenyewe.

Jumatatu ile, mama aliniambia, Bwana Kitambala alimwambia baba mbele ya watu wote kwamba fimbo ni nzuri sana, binti yake alisema kweli. Halafu akatoa kitambaa, akafuta shingo, akaita polisi wa kambi. Alikuwa anajua tangu Jumamosi. Alingoja. Aliitumia fimbo kwanza, akapata kikombe chake, ndipo akampiga aliyeichagua na kumtuma porini kana kwamba hakumwahidi kitu. Mnielewe vizuri ninapowasikia mkisema muzungu akisema neno ni neno.

"Na nyinyi mulinyamaza!" Nilimpigia kelele mama yangu, mjane wa siku moja. "Miaka yote ile namutukana, na weye unasikia!"

"Minyi nilitaka kusema. Yeye njo alikatala." Mama alishika ukuta. "Alisema, mutoto akiyua ni kinywa yake, hatasema tena. Atakuwa bubu. Afazali aseme baba yake ni mujinga. Muache aseme."

Na mimi nilisema. Miaka mingi nilisema, mezani, mbele ya wanangu, kwa kinywa kilekile alichokilinda. Mtu mmoja alijua kuchagua fimbo kuliko wote kuanzia Kisale mpaka Kamina, hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani, na akanipa hicho nikikanyage. Minyi njo nilikosa. Nilisikia maneno yale mara ngapi, na sikusikia alivyolikaza lile neno njo. Mimi ndiye, si wewe. Nina hasira naye. Hakuniuliza. Alichukua kosa langu akaenda nalo kaburini, na mimi nitamrudishia wapi? Nina hasira na muzungu yule zaidi, lakini yule ni mwepesi kumkasirikia, hanigharimu kitu.

Juzi, mjukuu alipomaliza kuokota maharagwe, nilikwenda kwa jirani. Fundi wa viti alikuwa ameshika mwanzi mrefu, wa njano, umenyooka. Nikamnyang'anya. Nikaupiga ukucha, ukalia kwa sauti ndefu. Nikamwambia huu mchanga, utasinyaa, mtu ataanguka na kiti chako. Nikaingia kwenye lundo lake nikamtolea mwingine, wa madoa ya kijivu, vifundo karibu karibu, mbaya wa sura. Akaupiga ukucha naye. Akaniangalia kwa mshangao.

"Mama, nani alikufundisha?"

Barabarani watu walikuwa wanapita kwenda sokoni, na nilitaka wasikie. Nikapaza sauti vile masista walivyotufundisha.

"Baba yangu!" nikasema. "Yeye njo aliyua kuchagua. Hakukosa!"